Meza Iliyojishusha

Nyumba za Tanga siku hizi hujipanga zenyewe usiku, zikiwaandalia wenyeji maisha ya mwaka unaofuata. Zikikosea, huitwa fundi Tunu azirekebishe, na hapakuwa na nyumba iliyowahi kumshinda. Kwa Mama Mwajuma alipanua sebule, akaingiza mwanga, akapanga makochi hata watoto wakatoka vyumbani wakaja kukaa pamoja. Likabaki jiko. Meza ya kukatia mboga ilikuwa imejishusha mno.

“Inaniumiza mgongo, mdogo wangu,” alilalamika Mama Mwajuma.

Tunu akaipandisha, akaikaza. Walipomaliza kunywa chai, wakaikuta imeshuka tena. Mwajuma, binti mkubwa wa miaka tisa, akaegemeza viwiko juu yake.

“Mama, inanitosha mimi kabisa!”

Mama akacheka. Tunu hakucheka.

“Dada, umepima afya lini?”

“Mimi? Sijaumwa hata mafua.”

Tunu akarudisha vifaa mkobani, akamshika mkono. “Vaa viatu, twende hospitali sasa hivi. Hii meza nitaipandisha tukirudi.”

Nyuma yao, Mwajuma alikuwa ameshaanza kumenya vitunguu.