Kocha Atakuwepo

Curtis alisimama jukwaani, akapaza sauti hadi mabati ya ukumbi wa michezo wa kijiji cha Ohsweken yakaitikia. "Huyo si kipa, ni kabati! Mpige tu!"

Garrett, mwanawe wa miaka kumi na saba, akapiga. Kipa akaudaka mpira bila hata kuinua mguu.

Lakrosi hii ya ndani, mpira wa kurushwa kwa fimbo zenye wavu, Curtis hakuipenda. Kwake ilikuwa shule ya kiangazi tu: mtoto abanwe kati ya kuta za mbao, ajifunze kupasi upesi na kuvumilia vikumbo, kisha Septemba arudi kwenye uwanja wa majani, kwenye mchezo wenye hadhi. Wenyeji wa asili wa hapo, ambao mababu zao ndio walioanzisha mchezo wenyewe, aliwaona wanajitahidi. Wala hakuona haya kuwaambia.

Leo roho ilikuwa juu. Kocha wa chuo alikuwa ameandika kwamba atakuwepo, na nafasi iliyobaki kwenye timu yake ilikuwa moja. Garrett akiikosa, ndiyo basi. Na huyu hapa mwanamume mwenye fulana ya chuo hicho hicho, amekaa peke yake na bakuli la supu ya mahindi. Curtis alimsogelea, akajifanya hajamtambua, akamnunulia kahawa.

"Mwanangu anajua," alimwambia. "Tatizo ni yule bonge golini, kajaza lango lote."

Mwenye fulana alicheka hadi supu ikamwagika. "Mwambie kwa sauti, bwana. Na ile kofia na yale mapedi ya kujikinga, hasikii vizuri."

Curtis, kwa furaha ya kumchekesha mkubwa, akamwaga yote: tumbo la kipa, miguu yake, hata mama yake. Ilipofika kwa mama, mwenye fulana aliacha kucheka kidogo.

Filimbi ya mwisho ikalia. Garrett alikuwa amefunga mara mbili. Curtis alishindwa kuvumilia, akauliza kama nafasi bado ipo.

"Mimi dereva tu," alijibu mwenye fulana. "Muulize kaka yangu, yule golini. Kila akirudi nyumbani kiangazi lazima adake."

Chini, kipa alivua kofia, kisha mapedi, na unene wake wote ukabaki sakafuni. Akamwita Garrett.

"Yule mzee anayetukana, ni wako?"

Curtis alikuwa ameshafika kwenye ukuta wa mbao, mkono ameunyoosha.

Garrett alimtazama Curtis vizuri, juu hadi chini. "Hapana, kocha. Baba alishindwa kuja."