Mkono wa Baba Mkwe

Gati aliweka vidonge vya presha na kikombe cha maji kwenye kigoda, akarudi nyuma. Vya jana vilikuwa bado hapo. Tangu aolewe hakuwahi kumgusa baba mkwe wake. Kwao ni mwiko, na mzee mwenyewe ndiye aliyeushikilia kuliko wote pale Gorong'a.

Sasa mzee aliinuka, akamtazama kama mgeni asiyemjua, akamnyooshea mkono. Kucha zilikuwa zimejaa samadi.

"Karibu, nesi," alisema kwa upole. "Umetoka mbali?"

Gati alitazama uani. Hapakuwa na mtu. Mumewe alikuwa malishoni. Mkono ulikuwa bado unamngoja.

"Shikamoo, baba. Nimetoka mbali sana."

Akaushika, akamwekea vidonge kiganjani.