Kioo cha Jikoni

Siku hizi kila nyumba yenye mzee ina kioo jikoni. Mzee akimaliza kula, kioo huonyesha kumbukumbu zake, iliyo hai zaidi ikiwa mbele.

Mimi ndiye niliyempikia mume wangu, Kaniki, mchicha na dagaa miaka sita. Mimi ndiye niliyemwamsha alfajiri akatembee, nikamnyima soda mpaka tukagombana, yote ili kumbukumbu zake zisififie. Na mbele kabisa kwenye kioo akatokea nani? Zubeda, marehemu mke wake wa kwanza, anacheka. Kila siku Zubeda!

"Nilishasahau kwamba alikuwa na mwanya," Kaniki alisema, macho yakimng'aa.

Mwanya! Jasho langu lote, kwa ajili ya mwanya wa mwenzangu!

Basi nikaacha. Nikampa chipsi, nikampa soda, viatu vyake vya kutembelea nikavificha. Nilitaka huyo mwanamke afifie.

Kwenye kioo ikafutika kwanza harusi yetu. Wakafuata watoto wetu. Zubeda alibaki palepale, na mwanya wake.

Jana Kaniki alisukuma sahani, akanitazama kwa mapenzi ambayo sijawahi kuyaona.

"Zubeda," aliniita.

"Abee, mume wangu," nikaitika.