Nyuma ya Kurumbiza

Shaweji alikuwa kifudifudi uani tangu asubuhi, mchanga mdomoni, akimvizia kurumbiza anayekuja kunywa kwenye beseni. Akielekeza kamera huku, nyuma kuna kanga za mkewe kambani. Akielekeza kule, yupo mkewe mwenyewe.

"Mwanaidi, zianue!"

"Hazijakauka."

"Zianue hivyo hivyo! Na wewe sogea, unaniharibia picha."

"Nisogee mpaka wapi, Shaweji?"

"Popote, mradi usionekane!"

Mwanaidi akaingia ndani na kanga zake. Baadaye sana kurumbiza akatua, na Shaweji akabonyeza. Picha ilitoka safi, ila nyuma ya ndege, langoni, kulikuwa na doa jekundu.

"Nani tena huyu?" Akasonya, akaikuza picha, mpaka doa likawa sanduku, na juu ya sanduku, kanga mbichi.