Kitambaa Cheusi cha Mkononi

Mwanahawa alijaribu kufungua chupa ya mafuta ya nywele, kidole gumba kikamkatalia. Maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko.

"Mama, lete nikufungulie," alisema binti yake Rukia. Walikuwa barazani wakimsuka bibi harusi, mama upande wa kulia, mwana upande wa kushoto.

"Mama Rukia, si uliambiwa hospitali uupumzishe huo mkono?" bibi harusi aliuliza. "Mishipa ikishavimba kwa kusuka haina mzaha."

"Nikiupumzisha, wewe uingie harusini na nywele timutimu?"

Wakacheka. Mwanahawa akakaza kwa meno kitambaa cheusi alichojifunga kwenye kifundo cha mkono. Wasusi wa mtaa ule wote walifanya hivyo. Mkono ukiuma unaufunga, unaendelea kusuka. Siku hizi usiku hata kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili.

Baadaye Rukia akaacha kusuka. Akakunja ngumi, akaikunjua polepole. Kisha akachana pindo la kanga yake kuukuu, akamnyooshea mama mkono.

"Nifunge na mimi, mama. Hapa chini ya kidole gumba. Panawaka tangu juzi."

Mwanahawa akakipokea kile kipande cha kanga, akakiweka mapajani.

"Jamani, mbona mmeacha?" bibi harusi alisema, kichwa nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama. "Nimalizieni basi."

"Sikufungi, mwanangu. Huu wangu ulianza hivyo hivyo," Mwanahawa alimwambia Rukia. Rukia alikuwa bado amenyoosha mkono. Mwanahawa akainamia wake mwenyewe, akaanza kulifungua kwa meno lile fundo jeusi. Lilikuwa limekaza, naye hakuacha kulivuta.