Uso Ndani ya Mashine

Watu walipouvunja mlango wa Jabiri mchoraji, asubuhi kweupe, rangi ilikuwa bado mbichi ukutani. Mwaka huo vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, na uvumi wa mumiani umetanda Temeke nzima. Picha yake ilionyesha mashine ya chuma ikiwanyonya watu damu kwa mirija.

"Umeyaona wapi haya?" akauliza mwenye panga.

"Nimeyawaza tu, ndugu zangu."

Panga likainuka. Mwanamke mmoja akapenya mbele, akaugusa uso mmoja pichani. Kidole kikatoka chekundu.

"Huyu mume wangu. Kapotea tangu Ramadhani. Yu hai?"

Jabiri hakumjua mtu huyo. Akalitazama panga.

"Yu hai."

Mwanamke akajifunga kanga kibwebwe.

"Basi twende ukanioneshe."