Viatu Mlangoni mwa Mahabusu

"Mama, nimeshasema hayupo. Jina lake halijaandikwa hapa."

"Afande, Badru alikamatwa mbele ya macho yangu. Niambie tu yuko wapi na kosa lake nini."

"Kaulize kituo kingine."

"Nimetoka Kisarawe kumtafuta mwanangu, nawe unanizungusha tena?"

Askari akaendelea kuchezea simu. Nikatazama chini nisije nikamtukana.

Mlangoni mwa mahabusu palikuwa na rundo la viatu, walivyovuliwa waliomo ndani. Kandambili moja ukanda wake ulishonwa kwa uzi wa kijani. Niliushona mimi mwenyewe, kwa sindano ya magunia.

Nikavua viatu vyangu, nikaviweka kando ya kandambili za Badru, nikakaa sakafuni.

"Mama, unafanya nini?"

"Na mimi usiniandike."